Kibodi Mbadala ya Kompyuta Mpakato ya Zamani: Namna ya Kutambua Inayooana

Kibodi ni miongoni mwa vipuri vya kompyuta mpakato vinavyochoka mapema, kwa sababu ndicho kipande kinachopigwa kwa vidole mchana kutwa, na ndicho kinachopokea kwanza vumbi, makombo na vinywaji vinavyomwagika. Mashine ikiwa bado changa, kituo cha huduma cha mtengenezaji humaliza kazi ya kuibadilisha bila mwenye mashine kuhitaji kujua kilichofanyika ndani. Mashine ikishazeeka, mtengenezaji huwa ameacha kuhifadhi vipuri vyake, na mzigo wa kuchagua humwangukia mwenye mashine au fundi wake. Hapo ndipo mtu anapoagiza kibodi iliyoandikiwa jina lile lile la mashine yake, yenye vitufe vile vile kwa kuitazama, kisha akifungua kifurushi anakuta utepe, yaani ule ukanda bapa wa nyaya unaoiunganisha kibodi na bodi kuu, unatokea upande usiokuwa na soketi, au tundu moja la skrubu limehama kwa milimita chache, na chache hizo zinatosha kuharibu ununuzi mzima.

Shida hii hutokana na kudhani kwamba kuoana ni jambo moja. Kwa kweli ni mambo manne yaliyofungamana: mawasiliano ya umeme yanayopita kwenye utepe, umbo na namna ya kufungwa, mpangilio wa vitufe, na nyongeza kama vile taa. Kibodi inaweza kutimiza matatu kati ya hayo na bado isifae kabisa. Jina lililochapishwa kwenye mfuniko wa mashine halijibu hata moja kati yake kwa uhakika, ilhali lebo iliyobandikwa mgongoni mwa kibodi ya zamani hujibu karibu yote. Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao wauzaji wengi hawautoi, ni kwamba kibodi ya zamani ing'olewe na isomwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Je, kibodi ndiyo yenye tatizo?

Kabla hata ya kushika bisibisi, inafaa kuthibitisha kwamba kibodi ndiyo inayostahili lawama. Kipimo cha kwanza ni kuchomeka kibodi ya nje kwa njia ya USB. Ikiwa nayo inaandika herufi zisizo zake, kosa liko kwenye mipangilio ya mfumo endeshi, pengine lugha ya kibodi ilibadilishwa bila mtu kukusudia, na kipuri kipya hakitasaidia kitu. Kipimo cha pili ni kuingia kwenye ukurasa wa BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine, ambako mfumo endeshi haujaanza kufanya kazi, na kujaribu vitufe vya mishale na vya herufi. Kitufe kilichokufa hata huko kimekufa kweli, au angalau njia yake ya umeme imekatika.

Namna vitufe vinavyokufa nayo hutoa habari. Kitufe kimoja pekee kikigoma, mara nyingi ni uchafu chini yake au kile kijimkasi cha plastiki kinachokibeba kimevunjika, na huenda ikatosha kununua kitufe hicho kimoja badala ya kibodi nzima. Hata hapo kuna mtego: mashine za jina moja huweza kuwa na kibodi zilizotengenezwa na viwanda tofauti, na vijimkasi vya kiwanda kimoja havikubali ndoano za kingine, kwa hiyo anayeuza kitufe kimoja kimoja atataka kuona picha ya sehemu iliyo chini ya kitufe, na ana haki ya kuitaka. Vikifa vitufe kadhaa kwa pamoja, tena vilivyotawanyika bila mpango unaoonekana, tatizo liko kwenye njia moja ndani ya utando wa kibodi, lile tabaka la njia za umeme lililo chini ya vitufe, au kwenye utepe, na wakati mwingine utepe umelegea tu kwenye soketi yake.

Iko pia hali ya kitufe kinachojibonyeza chenyewe, mstari mzima ukajaa herufi moja. Utepe wa kibodi ukichomolewa na herufi zikaendelea kumiminika, kosa liko kwenye bodi kuu. Ndiyo maana mashine iliyomwagikiwa kinywaji chenye sukari haipaswi kununuliwa kibodi mpya kabla bodi yake haijafunguliwa na kutazamwa. Unyevu uliopita kwenye vitufe hauishii kwenye vitufe.

Jina la mashine na namba ya kipuri

Majina kama Pavilion, Latitude, Aspire au ThinkPad ni majina ya biashara, na mtengenezaji huyabeba kutoka mwaka hadi mwaka huku akibadilisha kila kitu kilicho chini yake. HP iliuza mashine za Pavilion g6 za mfululizo wa 1000 na za mfululizo wa 2000, zote zikiitwa g6 na watu wa kawaida, lakini kibodi zake ni vipuri viwili tofauti. Kwa upande wa Apple, namba A1278 iliyochongwa chini ya mashine huonekana sahihi na ya mwisho, ilhali ilitumika kwa mashine za inchi 13 za tangu 2008 hadi 2012, nyingine zikiitwa MacBook na nyingine MacBook Pro. Anayeagiza kwa namba hiyo peke yake bila kutaja mwaka anabahatisha.

Kuna namba zilizo bora zaidi kuliko jina. Dell huweka kwenye kila mashine utambulisho wa herufi na tarakimu 7 uitwao Service Tag, ambao kwa huo orodha ya vipuri vya mashine hiyo hasa inaweza kupatikana. HP huandika namba ya bidhaa, na Lenovo huandika aina ya mashine, yaani msimbo unaoanza na herufi au tarakimu 4 ambao hutenganisha matoleo mawili yenye jina moja. Namba hizi husomwa kwenye lebo ya chini, ndani ya nafasi ya betri, au kwenye ukurasa wa kwanza wa BIOS iwapo lebo imefutika kwa kusuguliwa.

Hata hivyo, namba yenye nguvu kuliko zote ni ile iliyo mgongoni mwa kibodi yenyewe. Ukiigeuza kibodi utaona bamba jembamba la chuma au plastiki nyeusi, na juu yake lebo nyeupe moja au mbili zilizojaa maandishi madogo na misimbo pau. Miongoni mwa maandishi hayo hutafutwa namba za aina mbili. Ya kwanza ni namba ya kipuri ya kampuni iliyouza mashine: kwa Lenovo hutanguliwa na herufi FRU na huwa na herufi na tarakimu 7, kwa Dell hutanguliwa na DP/N, na kiini chake ni herufi na tarakimu 5 zinazotanguliwa na sifuri, kwa HP kwa kawaida ni kundi la tarakimu 6, kistari, kisha tarakimu 3 za mwisho. Ya pili ni namba ya kiwanda kilichoitengeneza kibodi, kwa maana kampuni za kompyuta aghalabu hazitengenezi kibodi zenyewe bali hununua kwa viwanda kama Chicony, Darfon, Sunrex na LiteOn. Kibodi za Chicony nyingi zina namba inayoanza na MP, za Darfon zina NSK, na za LiteOn zina SG.

Namba zote mbili zinafaa kutafutwa, na hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Kampuni inaweza kununua kibodi ya mashine moja kutoka viwanda viwili au vitatu, na kila kiwanda kikapewa namba yake ya kipuri. Kwa hiyo namba ikitofautiana na yako si lazima kibodi iwe haifai. Huenda ni ndugu yake halali. Wa kuamua hapo ni mwongozo wa matengenezo wa mashine husika. Lenovo, Dell na HP zimekuwa zikiweka miongozo hiyo hadharani, na kwa mashine nyingi za Lenovo na HP imo orodha ya namba za kibodi zinazokubalika, zikipangwa kwa lugha. Nusu saa ya kuusoma mwongozo huo ina faida kuliko maelezo ya wauzaji kumi, ambao wengi wao hunakili orodha ya majina ya mashine kutoka kwa mwenzao bila kuihakiki.

Tarakimu za mwisho za HP zinastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndizo zinazobeba lugha: 001 ni mpangilio wa Marekani, 031 wa Uingereza, 041 wa Ujerumani na 051 wa Ufaransa. Kibodi mbili zenye tarakimu 6 za mwanzo zinazofanana na 3 za mwisho zinazotofautiana ni kibodi moja kwa utepe na skrubu, lakini si moja kwa anayeandika.

Kuoana kunaweza pia kuvuka majina, na hilo ni habari njema kwa mwenye mashine ya zamani. Kibodi ya ThinkPad X220, mashine ndogo ya inchi 12.5, ni ile ile iliyotumika kwenye T420 na kwenye T520 ya inchi 15.6; anayetafuta kwa jina la X220 tu anajinyima vipuri vilivyojaa chini ya majina mengine. Mwaka 2012 Lenovo iliiacha kibodi hiyo ya safu 7 ikaleta ya safu 6 yenye vitufe vilivyotengana, nayo ikatumika kwenye X230, T430 na T530. Wapenzi wa kibodi ya zamani waligundua kwamba inaweza kuingizwa kwenye mashine za 2012, lakini si hivi hivi: vijisikio vya plastiki vinavyoishika vinahitaji kupunguzwa kidogo, baadhi ya migusano ya utepe inahitaji kuzibwa kwa utepe wa kuhami kwa sababu kwenye mashine mpya hubeba umeme wa taa, na vitufe kadhaa havifanyi kazi yake sawasawa mpaka programu ya ndani ya kidhibiti, yaani chipu ya bodi kuu inayoisoma kibodi, ibadilishwe. Mfano huu unaonyesha mpaka ulivyo mwembamba kati ya kuingia na kuoana.

Yaliyo ndani ya utepe

Ili kuelewa kwa nini tepe mbili zenye upana mmoja zisibadilishane, ni lazima kujua kinachopita ndani yake. Kibodi ya kawaida ya kompyuta mpakato ya zamani haina akili yoyote ndani yake. Haina chipu inayosema kwamba herufi fulani imebonyezwa. Ni utando wenye njia za umeme zilizopangwa kwa mistari ya wima na ya mlalo, na kila kitufe kimekaa mahali ambapo mstari mmoja wa wima unapishana na mmoja wa mlalo. Kitufe kikibonyezwa, mistari hiyo miwili hugusana. Kidhibiti kilicho kwenye bodi kuu hupitia mistari mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kwa sekunde, kikiuliza ni wapi pamegusana, kisha chenyewe ndicho kinachotafsiri makutano hayo kuwa kitufe fulani.

Mpango huu huokoa nyaya. Mistari 16 kwa mistari 8 hutoa makutano 128, yaani zaidi ya vitufe vyote vya kibodi ya mashine ya kawaida, kwa njia 24 tu ndani ya utepe. Na ndiyo sababu vitufe vilivyotawanyika hufa kwa pamoja: viko mbalimbali machoni pa mtumiaji, lakini vyote vimening'inia kwenye mstari mmoja.

Matokeo yake kwa mnunuzi ni mazito. Hakuna kanuni moja inayowafunga watengenezaji wote kuhusu ni kitufe gani kikae kwenye makutano gani, wala njia ya kwanza ya utepe iwe ya mstari upi. Kibodi ya mashine nyingine inaweza kuwa na utepe wa njia 30 kama wako, wenye upana ule ule na unaoingia kwenye soketi bila kulazimishwa, na bado ukibonyeza A ipatikane namba, au isipatikane herufi yoyote. Kuingia kwa utepe si ushahidi wa kuoana. Tena si kila njia hubeba alama za vitufe. Nyingine hubeba umeme wa taa ndogo za herufi kubwa, wa kitufe cha kuwashia mashine kilichojengwa ndani ya kibodi, au wa kijiti cha kuelekezea kishale. Umeme ukienda kwenye njia isiyotazamia umeme, hasara inaweza kuhama kutoka kibodi ya bei nafuu hadi bodi kuu.

Kwa hiyo utepe hulinganishwa kwa mambo kadhaa kwa pamoja: idadi ya njia, nafasi kati ya njia na njia, ambayo inaweza kuwa milimita 1 au nusu yake, upande wa kibodi ambako utepe unatokea, urefu wake, na upande unaoelekea migusano ya shaba pale mwishoni. Utepe mfupi kwa sentimita moja tu haufiki kwenye soketi, na mrefu kupita kiasi hukunjwa kwa nguvu chini ya kibodi mpaka njia zake zikatike. Yote haya yanaonekana kwenye picha ya mgongo wa kibodi. Muuzaji anayekataa kutoa picha ya mgongo, akaleta ile ya mbele pekee, afadhali kuachwa.

Kuhusu soketi yenyewe, ziko za aina mbili kuu na kila moja ina namna yake ya kufunguliwa. Moja ina kifungio chembamba, mara nyingi cheusi au cha kahawia, kinachoinuliwa kwa ukucha mpaka kisimame wima. Nyingine ina kifungio kinachovutwa nje kwa milimita 1 au 2 kutoka ncha zake zote mbili. Anayevuta utepe kabla ya kufungua kifungio huweza kung'oa migusano, na anayeinua kifungio cha kuvutwa hukivunja. Kwenye mashine ya zamani plastiki hiyo imekauka, na kifungio kikivunjika hakuna kibodi mpya itakayoshika mahali pake vizuri.

Umbo na namna ya kufungwa

Kwa mtazamo wa ufungaji, kompyuta mpakato zinagawanyika katika makundi mawili, na kundi la mashine yako ndilo litakaloamua kama kazi ni ya dakika 20 au ya mchana mzima. Katika kundi la kwanza, ambalo lina mashine nyingi za kabla ya 2012 hivi, kibodi hutolewa kwa juu. Hufunguliwa skrubu chache za chini, ambazo mara nyingi zimewekewa alama ndogo ya kibodi pembeni, kisha vijisikio vya upande wa kioo husukumwa na kibodi ikainuka. Hapa vya kulinganisha ni mahali pa matundu ya skrubu na pa vijisikio, pamoja na unene wa bamba.

Katika kundi la pili kibodi hufungwa kutoka ndani. Mashine lazima ifunguliwe yote: betri, bodi kuu na feni vitoke kabla ya kuifikia. Baadhi hushikwa kwa skrubu ndogo nyingi, kama zile MacBook Pro za 2009 hadi 2012 ambazo skrubu za kibodi peke yake huhesabiwa kwa makumi. Nyingine hushikwa kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa kiwandani, na ili kuitoa kibodi vichwa hivyo lazima vikatwe, kisha wakati wa kurudisha viyeyushwe tena kwa chuma cha kulehemu, au gundi itumike. Nimeziona kazi za namna hiyo zikifanywa vizuri, ila sipendekezi ziwe za kwanza kwa mtu. Kwa mashine kama hizo ni busara kuulizia bamba zima la juu, lile lenye kibodi na mahali pa kupumzishia viganja, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi C, mfuniko wa nyuma ya kioo ukiwa A, fremu ya kioo B na sehemu ya chini D. Bei huwa kubwa zaidi, lakini kazi hupungua sana. Kwa MacBook Pro zenye kioo cha Retina, zilizoanza 2012, hata betri imegandishwa kwa gundi kwenye bamba hilo hilo, na kubadilisha kibodi kunageuka kuwa kubadilisha nusu ya mashine.

Kati ya makundi hayo kuna suala la fremu. Kibodi ya mashine moja huweza kuuzwa ikiwa na fremu ya plastiki inayozunguka vitufe au bila fremu. Fremu ya zamani ikiwa nzima na inavulika, isiyo na fremu itatosha. Ikiwa imegundishwa kwa vijiti vilivyoyeyushwa, tafuta yenye fremu, na uangalie rangi yake, kwa sababu nyeusi ya kung'aa na nyeusi isiyong'aa zikikaa pamoja huonekana toka mbali.

Mpangilio wa vitufe

Watu wengi huogopa kibodi ya lugha ya kigeni kuliko inavyostahili, na kulipuuza jambo la umbo lililo zito zaidi. Maandishi yaliyochapishwa juu ya kitufe hayana uhusiano wa umeme na herufi inayotokea kwenye kioo. Mashine hupewa habari ya mahali palipobonyezwa, na mfumo endeshi ndio unaoamua herufi kulingana na mpangilio uliochaguliwa. Kibodi ya Ufaransa, ambayo safu yake ya juu ya herufi huanza na AZERTY, itaandika QWERTY bila tatizo iwapo mfumo umeambiwa hivyo. Kinachobaki ni macho kudanganyika, na hilo huponywa kwa stika za herufi au kwa mazoea.

Kilicho kigumu ni umbo la vitufe. Mipangilio mingi inafuata moja ya familia mbili. Katika ile ya Marekani, kitufe cha Enter ni cha mlalo, kirefu na chembamba, na Shift ya kushoto ni ndefu. Katika ile inayotumika Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, Enter imesimama wima ikichukua safu mbili, na Shift ya kushoto imefupishwa ili kupisha kitufe kimoja cha nyongeza pembeni yake. Kibodi inayokaa ndani ya uwazi mmoja mkubwa inaweza kubadilishwa kutoka familia moja hadi nyingine bila shida, na mashine nyingi za zamani ziko hivyo. Lakini pale ambapo kila kitufe hutokeza kwenye tundu lake lililochongwa katika bamba, kama ilivyo kwenye MacBook za alumini na mashine nyingi nyembamba, Enter ya wima haiwezi kupita kwenye tundu la mlalo, na hakuna ufundi wa kulirekebisha hilo isipokuwa kubadilisha bamba.

Safu ya F1 hadi F12 nayo ina ujanja wake. Kazi za kuongeza sauti au kupunguza mwanga zimo kwenye programu ya ndani ya kidhibiti, si kwenye kibodi. Ukiweka kibodi ya mashine ndugu, alama ya jua huenda ikawa juu ya F5 huku mwanga ukibadilika kwa F2. Si hitilafu.

Taa na kijiti

Kibodi yenye taa ina utepe wa pili, mwembamba, unaoingia kwenye soketi yake peke yake. Mashine iliyotoka kiwandani bila taa inaweza kuwa na soketi hiyo kwenye bodi kuu au ikawa na nafasi tupu ambapo soketi ingepaswa kuunganishwa. Soketi ikikosekana, kibodi yenye taa itaandika kama kawaida lakini haitawaka. Kwa kinyume chake, mashine yenye taa hukubali kibodi isiyo na taa bila malalamiko mara nyingi, na soketi ndogo hubaki wazi. Asiyeandika gizani hana sababu ya kulipia taa.

Kijiti cha kuelekezea kishale kilicho katikati ya vitufe G, H na B hupatikana kwenye ThinkPad na kwenye baadhi ya Latitude na EliteBook. Kwenye Latitude, mashine ile ile iliwahi kuuzwa ikiwa na kijiti na bila kijiti, na vitufe vya kubofya vya kijiti vimo kwenye sehemu ya viganja, si kwenye kibodi. Kwa hiyo kuweka kibodi yenye kijiti kwenye mashine isiyokuwa nacho hukupa kijiti kisicho na vitufe vya kubofya.

Mpya, nakala au iliyotumika

Kwa mashine ya zamani sana, kibodi mpya kabisa iliyotengenezwa na kiwanda cha awali huwa imekaa ghalani kwa miaka, na hilo si kasoro. Nakala za viwanda visivyotajwa ndizo nyingi zaidi. Baadhi ni nzuri, lakini dalili za zile dhaifu zinafahamika: bamba la mgongoni ni jembamba na kibodi inabonyea katikati unapoandika, herufi zimechapishwa kwa wino unaofutika haraka, na lebo ya mgongoni haina namba ya kiwanda. Mimi ningechagua kibodi halisi iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine, mathalani kioo kilichovunjika, kabla ya nakala mpya isiyo na jina. Vitufe vyake vinaweza kung'aa kidogo kwa kutumika, ila utepe, skrubu na mlio wa vitufe ni vile ambavyo mashine iliundiwa. Swali la kumwuliza muuzaji wa iliyotumika ni kama mashine ilipotoka iliwahi kumwagikiwa kitu, na jibu hulinganishwa na mgongo wa kibodi, ambako madoa ya kutu au ukungu mweupe kwenye migusano ya utepe hayafichiki.

Kibodi ikifika, isifungwe mara moja. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri au izime kwenye BIOS iwapo mashine ina uwezo huo na betri haitoki, kisha chomeka utepe mpya huku kibodi ikiwa imelazwa tu juu ya mahali pake, na karatasi kavu ikiwa chini yake pale inapoweza kugusa chuma kilicho wazi. Utepe uingie sawasawa, mstari wa mwisho wake ukiwa sambamba na soketi. Ukikaa mshazari kwa unywele tu, safu nzima ya vitufe hukosa kujibu na mtu akaishia kumrudishia muuzaji kibodi nzima. Rudisha umeme, washa, fungua ukurasa wa kuandikia na ubonyeze kila kitufe, pamoja na Shift zote mbili, mishale, na vile vya safu ya juu vikiwa na Fn. Usibandue filamu ya kinga wala kutupa kibodi ya zamani kabla ya hapo, kwa kuwa wauzaji wengi hawapokei kipuri ambacho filamu yake imetolewa, na vitufe vya kibodi ya zamani vinaweza kutumika baadaye iwapo vijimkasi vyake vinafanana na vya mpya. Kila kitufe kikijibu, zima tena, na ndipo skrubu zirudi, kila moja kwenye tundu ilikotoka: skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hupenya na kusukuma bamba la kibodi kwa chini, na vitufe vilivyo juu yake hubaki vimeinuka.